Profesa Mwenye Sheria ya Mlango

Mwaniomba tena kisa hiki, kana kwamba karanga zangu zinajiuza zenyewe hapa Kasenga kwenye geti la chuo. Haya.

Profesa mmoja ana sheria: akishaingia darasani, atakayefika nyuma yake abaki nje. Wanaofungiwa ni wale motari, wanaobeba abiria kwa pikipiki asubuhi ili walipe chuo. "Chagueni, kazi ao masomo!" huwafokea. Yeye mwenyewe hufundisha pia kule Sange. Lakini kazi mbili za mkubwa huitwa wito.

Siku ya mtihani akarudi kutoka Sange amechelewa, amepakiwa na mwanafunzi wake mwenyewe.

"Prof, uniache nitangulie kuingia. Nikikosa mtihani, mwaka wangu umekwisha."

"Sheria ni sheria, kijana," akajibu, akitafuta nauli mfukoni.

"Basi usinilipe, Prof. Miye naomba unishikie tu pikipiki. Mguu wake wa kusimamia umevunjika, ukiiachia inaanguka."

Profesa, kwa kupenda cha bure, akashika usukani kwa mikono miwili. Kijana akakimbia, akaingia darasani.

Nauli ikawa hiyo: kuisukuma pikipiki mpaka ukutani aiegemeze, na suti yake, huku mama mwenye gunia la mihogo akimfuata nyuma: "Motari, unafika Kavimvira?"