Mfongo Usiofungwa

Nyumbani kwetu Uru neno huria lilikuwa tusi. Mbuzi akikata kamba akaingia kwenye maharage ya jirani, mama alisema ameingia soko huria. Kijana akirudi kwao asubuhi anayumba, huyo naye alikuwa huria. Neno lenyewe lilitufikia kwa redio, likafuatwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wenye mizani zao na malori yao. Misimu ya mwanzo walinunua kwa bei ya kututia wazimu, watu wakakikimbia chama cha ushirika kana kwamba kina ukoma. Halafu wakasema kahawa imeshuka duniani, wakageuza malori. Baba yangu aling'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake, akapanda nyanya, na nyanya zikaliwa na ukungu. Alikufa bado akiongelea ile mibuni.

Kwa hiyo asinishangae mtu nikisema kwamba neno hilohilo ndilo lililoniharibia kazi, likamwangusha na mzee niliyempenda kuliko ndugu zangu wengine wote.

Nilisomea kompyuta Dar es Salaam, nikarudi Moshi kwa sababu mama alikuwa amebaki peke yake. Chama kimoja cha wakulima, miongoni mwa vile vilivyokuwa bado vinahema, kilikuwa kimepewa na wafadhili kompyuta kuukuu pamoja na mashine moja kubwa ya kuwa seva. Zote zilikuwa zimefungiwa katika chumba kilichokuwa zamani cha kuonjea kahawa, na hazikuwa na mtu wa kuzigusa. Mwenyekiti wa bodi ya chama alikuwa baba mkubwa wangu, kaka yake baba. Ndiyo, nilipata kazi kwa undugu. Ningependa kumwona aliyepata kazi Moshi wakati ule kwa njia nyingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kuandika programu ya kufuatilia kahawa ya kila mwanachama, tangu inapopimwa kijijini hadi inapopewa daraja kiwandani. Kabla ya hapo mkulima alikuwa akiikabidhi kahawa yake na kuiaga kama maiti. Akiuliza iko wapi, anaambiwa iko njiani. Nilitaka mtu aje dirishani, ataje namba yake, nimwambie.

Sikutaka kutumia mifumo ya kuibiwa tuliyojifunzia chuoni, iliyojaa virusi, na ile halali chama kisingeiweza. Nikachagua mfumo ambao msimbo wake, yaani maandishi yenyewe yaliyouunda, uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Kiswahili chake nilikuwa nimekiona katika kijitabu fulani, nikakibeba hivyohivyo hadi mbele ya bodi.

"Huu," nikasema, "unaitwa mfumo huria."

Bodi ilikuwa ya wazee watupu, wanaume wote, makoti yao yakinuka moshi wa jikoni. Mmoja wao, aliyekuwa ameng'oa mibuni yake mwaka mmoja na baba, akaweka kikombe chini.

"Huria kama ile ya kahawa?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilikuwa nimewaletea ung'ongo mzima mezani. Nikajaribu kueleza kwamba huria hapa maana yake ni wazi, kila mtu anaingia. Mzee yule akasema hata lile soko waliambiwa hivyohivyo, kila mtu anaingia, na kweli kila mtu aliingia. Wenzake wakacheka kile kicheko cha watu waliokwisha kulia. Baba mkubwa hakucheka wala hakunitetea. Alikuwa akiniangalia tu.

Ndipo nikautaja mfongo. Mfongo kwetu ni mfereji uliochimbwa na mababu, unaochukua maji mtoni, juu kabisa msituni, na kuyashusha kihamba kwa kihamba, kila nyumba na shamba lake la migomba. Maji yake si mali ya mtu. Ila siku ya kuchimba ikitangazwa, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja na jembe lake, na asiyetokea anaulizwa mbele ya wote siku ile alikuwa wapi. Akikosa jibu anatozwa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo inanywewa na waliochimba. Wanawake hatuitwi. Hata kulikaribia banio, pale maji yanapoingilia, tulikatazwa tangu utoto. Nikawaambia mfumo huu ni mfongo: wengi wanauchimba, wengi wanakunywa.

"Binti anatufundisha mfongo," mmoja akasema, na safari hii walicheka vizuri zaidi.

Baba mkubwa akauliza, "Huko juu kwenye banio anakaa nani?"

"Wako wengi, baba mkubwa. Ulaya, Marekani, India. Na kuna kampuni inayokusanya kazi yao, inaijaribu, inatuletea ikiwa safi."

"Siku wakikasirika wakafunga?"

"Haufungwi. Ndiyo sheria yake."

Akawageukia wenzake. "Mtoto wa mdogo wangu anasema haufungwi. Nasimama naye."

Asiye wa kwetu anaweza kudhani hilo ni neno dogo. Mzee akisema nasimama naye, ameweka jina lake rehani. Ukianguka, mnaanguka wote wawili. Bodi ikakubali, na tangu siku hiyo kiti cha baba mkubwa kilikuwa juu ya programu yangu.

Sitasema uongo, miaka iliyofuata nilikuwa na furaha. Rafiki yangu wa chuo alikuwa na intaneti nzuri kazini kwake Dar. Alinakili CD, akazifunga kwa gazeti na kuzituma kwa basi, nami nikazifuata stendi kama mtu anayempokea mgeni. Ndani yake mlikuwa na vifaa vyote vya mwandika programu: cha kuandikia, cha kugeuza maandishi yangu kuwa kitu mashine inachoelewa, na kile kinachokuonyesha ni mstari upi umeua kazi yako. Kila baada ya muda zilikuja apdeti, yaani marekebisho ya kasoro zilizogunduliwa, pamoja na maelezo ya nani alirekebisha nini. Nilikuwa nikiyasoma majina yale ya ajabu ajabu na kujiuliza kama na wao wana ng'ombe wa kukatia majani wakitoka kazini.

Mara moja niligundua kasoro mimi mwenyewe. Kifaa cha kuchapishia kilikuwa kinakata mstari wa mwisho wa ukurasa kwenye printa yetu ya kizamani, na mwanachama wa mwisho alikuwa akipotea kila mara. Nikafungua msimbo wake, nikautengeneza. Nilijua kuna anwani ya kupelekea rekebisho kama lile. Sikulipeleka. Nani huko angepokea jembe la mwanamke wa Uru?

Dirishani watu walikuja. Bibi mmoja wa Kibosho alitaja namba yake, nikamwambia kahawa yake iko kiwandani na imepata daraja zuri. Akasema, "Kumbe bado ipo." Kwa bibi yule peke yake ningefanya kazi ile bila mshahara, na kuna miezi nilifanya hivyo.

Tangazo lilikuja asubuhi, kwa barua pepe, kwa lugha ya upole kabisa. Kampuni ilitushukuru kwa kuwa nayo muda wote. Toleo tulilokuwa tukilitumia lingeacha kupata marekebisho baada ya muda si mrefu. Waliotaka utulivu wangejiandikisha kwenye toleo jipya la makampuni, kwa ada ya kila mwaka, kila mashine na ada yake. Wasiotaka kulipa waliwekewa toleo la kujaribia mambo mapya, linalobadilika kila baada ya miezi michache. Hakuna sheria iliyovunjwa. Msimbo ulibaki wazi vilevile. Kilichopata mlango na kitasa ni yale maji safi, yaliyochujwa na kupimwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulikuwa tumemsifu mgema huyu dunia nzima.

Bado ningeweza kujikongoja na toleo la zamani. Lakini umeme wa Moshi ulikuwa na tabia ya kuondoka kimya na kurudi kwa hasira, na siku moja uliporudi uliiunguza seva. Mashine mpya ikanunuliwa. Mfumo wetu wa zamani haukuitambua diski yake. Lile toleo la majaribio liliitambua, lakini vifaa vyake vipya viliikataa programu yangu, vikatema makosa ukurasa baada ya ukurasa, katika mistari ambayo jana yake ilikuwa halali. Kama mtoto aliyefaulu shule hii, ukimhamisha kijiji cha pili anaambiwa hajui kusoma. Nikaanza kuirekebisha mstari kwa mstari, na dirishani wakulima wakaanza tena kuambiwa kahawa iko njiani.

Wiki hizo zilitosha. Kwenye bodi maneno yakaanza: mwenyekiti ameingiza huria kwa mlango wa nyuma. Mtu akaletwa kutoka Dar, viatu vinang'aa, anauza programu iliyokwisha kutengenezwa, imefungwa kila upande, huoni ndani hata kwa tundu la sindano. Wazee wakaipenda kwa sababu hiyohiyo. Kitu kilichofungwa kina mwenyewe, walisema, na mwenyewe unaweza kumkamata shati.

Niliitwa. Baba mkubwa alikuwa bado kwenye kiti chake, kofia mapajani.

"Mfongo umefungwa?" akaniuliza.

"Msimbo uko wazi, baba mkubwa, ila yale marekebisho..."

"Nimeuliza umefungwa?"

Nilikuwa na maelezo mengi na yote yalikuwa ya kweli. Lakini yeye ndiye aliyesimama nami, na alistahili neno moja.

"Umefungwa," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia. Hakunilaumu mbele yao wala baadaye. Uchaguzi wa chama ulipofika hakuna aliyelitaja jina lake, na mzee aliyeongoza chama kile wakati wenzake wote wanakimbia alirudi kihambani kama mtu aliyeshikwa na kuku wa wenyewe. Mimi niliamriwa kuizima mashine yangu na kuwafundisha makarani programu mpya, kisha nikaambiwa asante. Programu yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na ikikwama ilibidi kumsubiri yule mwenye viatu. Nasikia alikuwa hapokei simu.

Nikapata kazi ya kufundisha kompyuta katika shule moja Mkuu, Rombo. Pale mjini palikuwa na duka la intaneti, na mchana mmoja, nikimtafutia mwanafunzi kitu kingine, nikakuta habari za mfumo wetu uleule. Kumbe kulikuwa na watu waliouchukua ule msimbo wa toleo la makampuni, kwa kuwa sheria iliilazimu kampuni kuuacha wazi, wakabandua nembo yake, wakauunda upya kila kipande kwa vifaa vilevile nilivyokuwa navyo mimi. Walikuwa wakiugawa bure, apdeti moja kwa moja, kwa yeyote. Watu wa kujitolea, kila mmoja na kazi yake ya mchana. Tena walikuwa wameanza wiki zilezile ambazo mimi nilikuwa nimekaa mbele ya makosa yangu nikiwalaani wazungu wote.

Nilikasirika. Sikujua nimkasirikie nani.

Jumamosi nikapanda Uru. Baba mkubwa alikuwa nyuma ya zizi, anamkatia ng'ombe mgomba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha panga. Nikamwambia yote. Kwamba sikumdanganya siku ile, kwamba mfongo haukuwa umefungwa, watu waliuchimba upande wa pili na maji yalikuwa yakipita muda wote.

Akaegemeza panga kwenye shina. "Walichimba akina nani?"

"Watu tu, baba mkubwa. Wa huku na huku. Hatuwajui."

"Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Swali hilo nimelisikia tangu utotoni likiulizwa wanaume wa Uru. Sijawahi kusikia mwanamke akiulizwa. Aliniuliza bila mzaha, kama mtu mwenye haki ya maji na mwenye jembe lake. Nilitaka kumwambia nilikuwa ofisini kwao, nazima mashine waliyoniamuru nizime. Lakini jembe nilikuwa nalo, na nilikuwa nimelificha tangu ile kasoro ya printa.

"Basi ni mbege," akasema.

"Mbege haifiki kwao. Itachacha kabla haijafika Boma Ng'ombe."

"Pika."

Mwanamume akitozwa, mbege yake hupikwa na mke. Yangu niliipika mwenyewe, jikoni kwa mama, kwa ulezi nilioutia maji na kuuotesha na ndizi zilizoivia darini. Ilipokuwa tayari harufu ikavuka mipaka, na wazee wa jirani wakaingia mmoja mmoja, wakiwemo wale waliokuwa kwenye bodi. Baba mkubwa akawagawia kata kwa mkono wake. Hawakuuliza ni ya nini. Walikunywa hadi mtungi ukaisha, nami nikanywa pamoja nao, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyekuwa amechimba.