Nilivyowakimbiza Wakwe wa Wifi Yangu

Aibu hii bado naiota. Nikisinzia mchana nauona ule ukungu wa mtaani kwetu Kizwite, moshi wa jiko unaelea chini chini kama unatusikiliza, na mimi nimesimama uani naropoka mbele za watu, najaribu kunyamaza na sauti haizimiki.

Mwanangu Deo ana njaa isiyoisha. Si ulafi. Alizaliwa mlegevu kama kitambaa, hata kunyonya hawezi, halafu alipokua akaanza kula mpaka unga mbichi. Daktari mmoja mgeni hospitali alinieleza taratibu: mtoto hurithi kila kitu mara mbili, kwa mama na kwa baba, ila viko vichache ambavyo cha mama hulala tangu tumboni, cha baba ndicho hufanya kazi, na kwa Deo hicho cha baba hakipo. "Imetokea tu mimba ilipotunga," akasema, "si kosa la mtu wala la ukoo. Wewe funga chakula." (Jaribu kumfungia mtoto chakula mtaani kwetu uone utakavyoitwa.)

Basi, siku wakwe walipopanda kutoka bondeni Mtowisa kuja kumposa wifi yangu Skola, mtu pekee pale nyumbani aliyenisaidia kumlea Deo bila kununa (miaka ile mitumba ndiyo imeingia, wageni wote wamekuja na makoti ya Ulaya), nikaamua nifunge jiko, ufunguo nikauweka kifuani. Ndani sikuangalia. Deo alikuwa humo humo, nyuma ya magunia ya mahindi.

Tulipofungua, kuku wa wakwe, ambaye kwetu lazima aende mezani mzima, kiungo kisikosekane, alikuwa amebaki shingo na miguu. Deo akanitazama, midomo inang'aa mafuta, ametulia kama yuko mbinguni.

Mama mkwe wangu, mama yake Skola, akapiga kelele zikafika sebuleni, wageni wakatoka uani. "Mnaona? Anamnyima mtoto! Ndivyo walivyo kwao, ukoo wa njaa!"

Nikawaka. Miaka yote hiyo! "Mama, si kwetu! Daktari kasema upungufu uko upande wa baba yake. Kwenu!"

Upepo ukapita kwenye mabati kama mtu anayehema. (Nikajiona nimeshinda, mjinga mimi.) Kisha mjomba wa mposaji akavaa kofia yake.

"Huyo baba wa mtoto si ndiye kaka wa huyu binti? Haya, tunashukuru kwa chai."

Niliwakimbilia mpaka barabarani, kitenge kinafunguka. "Shikamoo baba, subirini, haitoki ukooni! Imetokea tu!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu, kwa upole ulioniumiza. "Mbona hilo hukulisema mwanzo?" Gari likazama kwenye ukungu.

Hawakurudi. Skola alilia, halafu akaja kumwosha Deo mikono, kidole kimoja kimoja, asiniambie neno, na hilo linaniuma kuliko matusi yoyote. Mama mkwe bado anautukana ukoo wetu. Autukane. Mimi ugonjwa wa mwanangu sitaufanya tena rungu la kumpigia mtu. Nikiueleza nitaueleza wote, hasa ile sehemu isiyonipa ushindi.