Mama Stellah na Shule ya Bunda

Sabina ana cherehani yake barazani, mtaa wa Kitaji, Musoma mjini, na watu wengi pale wanamjua kwa sketi za shule. Anampima mtoto mara moja tu, anaongeza pindo la inchi mbili "kwa sababu watoto wanakuaga," kisha anakata. Ni mzaliwa wa Murangi, na yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Alipokuwa na miaka tisa alipelekwa Bukima kwa shangazi yake akalee mtoto mchanga, akakaa huko karibu miaka miwili. Hakuteswa. Alikula samaki kila siku, na Krismasi alishonewa gauni. Ila aliporudi kwao hakujua tena maziwa yanawekwa wapi, akauliza kama mgeni. Mama yake alicheka. Yeye hakucheka, na mpaka leo akiisimulia hachekagi.

Mumewe, Leonardi, ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Ni mtu mpole, suruali zake zote zina vumbi la chaki mifukoni. Yeye ndiye aliyetaka Stellah, binti yao wa pekee, apelekwe shule ya bweni ya mtu binafsi kule Bunda, aanzie darasa la tano.

"Mwalimu mzima unamtoa mtoto kwenye shule yako mwenyewe?" Sabina alimuuliza.

"Namtoa kwa sababu ni mwalimu. Darasani kwangu wako mia na ishirini. Sitaki wangu awe wa mia na ishirini na moja."

"Ana miaka kumi, Baba Stellah. Akiumwa usiku nani ataamka kumwangalia?"

"Kuna matroni."

"Matroni siyo mama."

"Na mama siyo mwalimu wa Kiingereza," Leonardi alijibu, kisha akajuta, kwa maana alimwona mkewe anaangalia chini.

Walibishana masika nzima. Aliyekata shauri ni mama yake Leonardi, Bibi Nyangi wa Butiama. Stellah alilelewa kwake tangu kuacha ziwa mpaka miaka sita, kwa sababu Sabina aliugua sana baada ya kumzaa, na mimba mbili zilizofuata ziliharibika. Mtoto alijifunza kuongea akiwa mgongoni mwa bibi yake, na Kizanaki kilimtoka mdomoni kabla ya Kiswahili. Bibi alipoulizwa juu ya shule alisema neno moja: asome. Akatoa na mtamba zizini auzwe, ada ipatikane. Baada ya hapo Sabina hakuwa na pa kusimamia. Alishona sketi mbili za kijani, akafunga tranka, akampeleka.

Muhula wa pili kiliitishwa kikao cha wazazi, kwenye ukumbi wa kulia chakula. Meneja wa shule aliomba maoni. Alisimama Prosper, muuza vifaa vya ujenzi mjini Bunda, baba yake Brenda, msichana aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Stellah.

"Mimi nashukuru," Prosper alisema. "Mwanangu alikuja hapa hawezi kusoma hata kibao cha duka. Sasa ananitafsiria barua za benki. Mnasema wanaamshwa saa kumi na moja? Sisi saa kumi na moja tulikuwaga tumeshafika malishoni."

Watu wakacheka. Ndipo akasimama muuguzi mmoja aliyeitwa Hilda, mama mwembamba, akiongea polepole.

"Wangu wa kwanza alimaliza hapa na A zote. Sasa yuko kidato cha pili. Ukimgusa akiwa amelala anaruka anasema samahani kabla hajafumbua macho. Mimi siisemi shule vibaya. Nauliza tu, ile samahani ameitoa wapi?"

Sabina alianza kupiga makofi, akajikuta peke yake, akaiweka mikono mapajani. Meneja alisema maoni yote yamepokelewa, akafungua ukurasa wa wastani wa ufaulu wa mkoa. Njiani kurudi Musoma, Leonardi alisema yule muuguzi ana uchungu wake binafsi.

Shule ile ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto aliyesikika anaongea Kiswahili au kilugha badala ya Kiingereza alikivaa shingoni mpaka amnase mwenzake. Likizo ya kwanza Stellah alipelekwa Butiama kumsalimia bibi. Bibi Nyangi alimsemesha Kizanaki, kama siku zote. Mtoto aligeuka kwanza akaangalia nyuma yake, kisha akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

"Mmeniletea mgeni mwenye adabu," bibi alimwambia Leonardi. Alisema akicheka, lakini jioni ile hakula.

Hivyo ikapita miaka miwili. Stellah alikuwa wa kwanza, wa pili, wa kwanza. Leonardi aliweka ripoti zake kwenye bahasha na kuzionyesha kwa walimu wenzake. Sabina naye alikiri kwamba mtoto anafahamu mambo, anaandika vizuri, ananyoosha kitanda bila kuambiwa. Alichokuwa anakosa hakuwa na jina lake, na mtu hawezi kusimama kikaoni kudai kitu kisicho na jina.

Mwezi wa nane wa mwaka wa darasa la saba, watoto waliingia kambi ya mtihani. Hakuna kutoka, hakuna simu. Wiki hiyohiyo Bibi Nyangi alianguka akitoka kukamua. Walimleta hospitali Musoma, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, na siku ya tatu akafariki.

Leonardi alimpigia mkuu wa shule. "Pole sana, mwalimu," mkuu alimwambia. "Mkisema mje mumchukue, nitamtoa. Uamuzi ni wenu wazazi. Ila wewe mwenyewe unajua watoto walivyo. Zimebaki wiki tatu."

Leonardi na mkewe walikutana nyuma ya jiko la Butiama, watu wa msiba wakiwa wamejaa uani.

"Tumfuate," Sabina alisema. "Kesho asubuhi. Azike, arudi."

"Akirudi atasoma nini? Atakaa na daftari wazi anaangalia ukuta. Nimeona watoto wa hivyo, Sabina, nimewafundisha. Miaka yote hii itapotea kwa siku moja."

"Ni bibi yake."

"Ni mama yangu!" Leonardi alisema, na sauti ikampasuka. "Na yeye mwenyewe alisema asome. Nitaenda kinyume naye leo hajazikwa?"

Sabina angeweza kushindana na mwalimu. Kushindana na mtu aliyefiwa na mama yake hakuweza. Alikubali mtoto asifuatwe wala asiambiwe mpaka mtihani uishe, na ndilo jambo ambalo hajajisamehe.

Kaka yake Leonardi, Mseti, aliyebaki na mji na ng'ombe, alihesabu wajukuu wakati wa kutia udongo. "Yule wa mgongoni yuko wapi?" aliuliza mbele ya watu wote. Leonardi akasema yuko kwenye mtihani. Mseti akampa mdogo wake koleo, akaondoka. Wafiwa walinyolewa, Sabina naye akanyolewa.

Jumapili moja kabla ya mtihani wazazi waliruhusiwa kuwaona watoto. Leonardi alisema yeye hawezi. "Atanisoma usoni. Nenda wewe, wewe unajua kujizuia." Kwa hiyo aliyeipinga shule tangu mwanzo ndiye aliyetumwa kuibeba siri hiyo. Alikaanga sato, akapika chapati, akafunga kilemba vizuri juu ya kichwa kilichonyolewa, akaenda Bunda.

Walikaa kwenye nyasi. Stellah alikuwa amerefuka, sketi imepanda juu ya magoti, pindo lote limeshafunguliwa. Alikula kwa haraka, kama wote wa kambini.

"Mama, mbona kilemba? Hupendagi vilemba."

"Vumbi la njiani."

"Baba hajambo?"

"Hajambo. Ana kazi."

"Na bibi?"

Sabina alikuwa ameshika chupa ya maji. Anasema aliifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Hajambo," alisema. "Anakusalimia sana."

Mtoto alifurahi. Alitoa karatasi iliyokunjwa kwenye soksi, akampa. "Mpelekee. Baba amsomee."

Wakati wa kuagana, mama yake Brenda, Anastazia, alimjia Sabina pale getini, akamshika mikono miwili. Habari alizipata kwenye grupu la wasapu la wazazi, ambako watu walikuwa wamempa Leonardi pole. "Pole, Mama Stellah. Poleni sana na msiba wa bibi," alisema kwa kunong'ona. Brenda alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Sabina hakumwona.

Ile karatasi Leonardi aliifungua barazani, karibu na cherehani. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili, kwa kalamu ya risasi:

"Bibi shikamoo. Nikimaliza mtihani nitakuja kulala kwako, siyo Musoma. Mimi sijasahau kuongea. Nakuwaga naongea na wewe kimoyomoyo taa zikizimwa, maana kimoyomoyo hawamvishi mtu kibao. Usife njaa ya kuningojea. Mjukuu wako."

Leonardi hakuwa amelia msibani. Siku hiyo alilia mpaka mteja aliyekuja kuchukua blauzi akageuka akarudi alikotoka.

Mtihani ulipoisha walikwenda kumchukua wote wawili. Walikuwa wamepanga kila neno. Walishuka Makutano ili wapate usafiri wa kwenda Butiama, na pale kando ya barabara, tranka likiwa kati yao, Leonardi alisafisha koo.

"Mwanangu, kuna jambo tunataka kukuambia."

"Najua, baba," Stellah alisema. "Bibi alikufa. Brenda aliniambia Jumapili ile jioni, mama alipoondoka."

Lori la ng'ombe lilipita.

"Ulifanya mtihani unajua?" Leonardi aliuliza mwishowe.

"Ndiyo." Kisha, bila kumwangalia mama yake, "Mama nilimuuliza."

Hakulia. Walipofika Butiama aliwasalimia wote mmoja mmoja, akaenda moja kwa moja kaburini, nyuma ya zizi, udongo ukiwa bado mwekundu. Alichuchumaa, akaanza kuongea Kizanaki. Aliongea kwa muda mrefu, bila kigugumizi, sauti ile ya utotoni. Sabina kwao ni Wajita, kwa hiyo alishika neno hapa na neno pale. Leonardi alikuwa anasikia yote. Katikati ya maneno aligeuka akatembea mpaka kwenye migomba na kukaa huko. Mkewe alimuuliza baadaye mtoto alisema nini. Hajamjibu mpaka leo.

Matokeo yalipotoka Stellah alikuwa na A kila somo. Shule iliweka picha yake kwenye bango la getini, pamoja na wenzake wanne, wote wanacheka; ilikuwa picha ya mwaka uliotangulia. Simu ya Leonardi ilijaa hongera. Prosper alipiga mwenyewe: "Unaona, mwalimu? Tulisema!" Leonardi alimshukuru, akazima simu. Ile bahasha ya ripoti aliipandisha juu ya kabati.

Sasa mambo yakageuka. Leonardi ndiye aliyesema mtoto arudi nyumbani, asome sekondari ya kata hapo mjini, alale chini ya paa moja na wazazi wake. Sabina, kwa mara ya kwanza, alikubaliana naye kabisa. Walimwita mezani.

"Nataka kurudi Bunda," Stellah alisema. Shule ile ilikuwa na sekondari pia, na ilimtaka.

"Kwa nini, mama?" baba yake aliuliza. "Hujachoka? Kile kibao, kile kuamshwa..."

Mtoto alifikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililowatisha.

"Pale wakisema kengele ni saa kumi na moja," alisema, "inagongwa saa kumi na moja."

Leonardi alitaka kukataa. Sabina akamshika mkono chini ya meza. Alikuwa amekumbuka kwamba mtoto huyu ameshahamishwa mara tatu katika maisha yake, kutoka Musoma kwenda Butiama, Butiama kuja Musoma, Musoma kwenda Bunda, na hata mara moja hakuna aliyemuuliza. Mwezi wa kwanza alimshonea sketi mpya, ndefu, za rangi ya bluu za sekondari, akampeleka.

Anaenda kumwona kila siku ya kutembelea. Wanaongea vizuri. Stellah humshukuru kwa chakula, huuliza habari za cherehani, hueleza masomo. Mwezi wa tatu mwaka huu Sabina alikwenda peke yake kwa sababu Leonardi alikuwa na malaria.

"Baba yuko wapi?" Stellah aliuliza.

"Anaumwa. Malaria tu, ameshaanza dawa."

"Malaria?"

"Malaria, mwanangu. Nakuambia kweli."

Stellah alimtazama. Kisha akanyoosha mkono, kwa adabu, akaomba simu. Akatafuta jina la baba yake, akapiga, akasogea pembeni hatua chache na kumgeuzia mama yake mgongo. Sabina alikaa pale kwenye nyasi, mfuniko wa hotpoti mkononi, akisikia sauti ya mumewe kwa mbali, nzito ya homa, ikisema ndiyo, ndiyo, kesho nitakuwa mzima.

Mtoto alirudi, akamkabidhi simu kwa mikono miwili.

"Asante mama," alisema, akaketi, akaanza kula.