Kifuo cha Nyanya na Mtihani wa Fizikia

Juzi nilipita Msambweni, nikaingia uani kwa nyanya. Nyumba imebaki kuta tu, rafiki yangu, lakini kifuo kingali kimesimama: kile kigingi chenye ncha ya chuma cha kufulia nazi. Nilikigusa kidogo tu, kiganja changu cha kulia kikaanza kuwasha.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera yetu ipande. Tuliambiwa nchi inataka mainjinia, nami nikajiona tayari ninajenga daraja pale Likoni, watu wavuke kwa miguu. Kilichobaki ni mtihani wa fizikia tu! Karatasi zilitoka Ulaya, na mwalimu wetu, kijana wa bara, aliziogopa kuliko sisi. Hofu yake aliimaliza kwa fimbo za mkoko: kosa moja, fimbo moja. Asubuhi tulikariri kanuni, jioni tulikandana migongo kwa maji ya chumvi, tukichekana, "Mwenzetu leo kaletewa mikoko yote ya Gazi!"

Zilipobaki siku tatu, aliuliza mfano wa wenzo, kifaa cha kuongezea nguvu. Wenzangu walitaja mtaimbo, kama kitabu kilivyosema. Mimi nikasema, "Kifuo cha nyanya." Darasa likaangua kicheko. Kwao mwalimu, bara, hakuna minazi. Alidhani ninamfanyia mzaha.

"Unanichezea, eh?"

Alinipiga kiganjani mpaka fimbo ikapasuka, akachukua nyingine. Damu ilidondoka daftarini. Na ndio mkono wa kuandikia.

Nilirudi kwa nyanya. Aliniosha, akanipaka mafuta ya nazi na manjano, akanifunga kipande cha leso. Kulipokucha aling'oa kifuo, akakitia begani, akaenda nacho shule.

"Shikamoo, nyanya," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba, baba. Nimekuja unipige mimi. Jibu lile ni langu."

Alikisimika mlangoni mwa darasa, akaikita nazi nchani, akakandamiza mara moja. Kumbi likachanika kwa kishindo. "Haya, msomi, fua wewe."

Mwalimu alivamia nazi kwa hasira. Ikateleza, ncha ikamzama kiganjani. Yowe alilopiga! Hakuna aliyecheka, mimi nililia. Nyanya alichana leso yake, akamfunga taratibu.

"Pole, mwanangu. Kitu hiki hakitaki nguvu, chataka ujue pa kukandamiza."

Mwalimu akanitazama. "Wenzo," akasema, kwa sauti ndogo.

Siku ya mtihani alisimama nje dirishani, mkono umefungwa leso kama wangu. Kalamu iliniponyoka sijui mara ngapi. Nilifika nusu ya karatasi, kengele ikalia. Nikaanguka mtihani. Watu wa Likoni wangali wanavuka kwa feri, wanisamehe.

Baadaye mwalimu alihamishwa. Asubuhi aliyoondoka tulikuta fimbo zake zote jikoni kwa nyanya, zimekatwakatwa kuni. Nyanya alizipikia uji wangu.

Sasa nyanya hayupo, na mwalimu sijui aliko. Kiganja bado huniuma nikikunja ngumi. Basi sikunji.