Ubeti wa Tatu wa Bibi Kengele

Bibi Kengele hakuwa bibi wa mtu. Hakuolewa, hakuzaa, na watoto waliomwita bibi walikuwa wa watu wengine. Hata kengele yenyewe haikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye bomba la chuma nyuma ya kanisa, naye aliigonga kwa nati kubwa kama ngumi ya mtoto. Kwa miaka thelathini na moja Jumapili yetu ilianza pale mkono wake ulipoanza. Siku moja aliamka na homa, watu wakachelewa ibada nusu saa. Walipomwendea hawakumwuliza anaumwa nini. Walimwuliza imekuwaje.

Namsimulia mimi kwa sababu waliomsimulia siku ya mazishi hawakumsimulia. Walisoma karatasi: alizaliwa, alibatizwa, alitumika, amelala. Basi. Hata mbuzi aliyepotea hutangazwa kwa maneno mengi kuliko hayo.

Siku sita za juma tulikuwa pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali, mimi naye, miaka kumi na sita. Chumba kina mashine mbili, moja nzima na moja ya kubahatisha, masinki matatu ya saruji, na mvuke ambao ukitoka nje unadhani umezaliwa upya. Kazi aliniombea yeye. Siku ya kwanza nilishika shuka la chumba cha upasuaji nikalitia kwenye maji ya moto, akanipiga kofi la mkono.

"Damu haitaki moto, mdogo wangu. Ukiitia moto umeipika, haitoki tena mpaka kiama. Anza na maji ya baridi. Na hasira ni hivyo hivyo."

Ya damu niliyashika; hasira yangu mimi, ilipokuja miaka kumi na miwili baadaye, niliipika.

Mume wangu alikuwa ameondoka na msichana wa kwaya, wa sauti ya kwanza, ambaye mimi mwenyewe nilimpima joho lake na kulipinda. Jumapili nilipojua, nilimngoja mlangoni mwa kanisa nikamvua lile joho kwa kulichana, kutoka kola hadi pindo. Kelele zilifika mpaka barabarani. Baraza la wazee likakaa. Waliokaa wote walikuwa wanaume, na wawili wao walikuwa wameshakula kwangu na yule mume wangu wakijua ametoka kwa yule msichana. Wakaamua mimi nimelitia kanisa aibu. Mpaka siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo, nimekaa benchi la mbele. Nikaambiwa niende benchi la nyuma kabisa, karibu na ndoo na mafagio, na nisifungue kinywa mpaka baraza liniite. Walisema ni miezi mitatu. Msichana naye aliimba Jumapili mbili zaidi, na joho jipya, kabla hawajahama mji yeye na mume wangu. Aliyeiba yuko mbele anasifu, aliyeibiwa yuko nyuma na mafagio. Miezi mitatu ikawa miaka minne.

Benchi la nyuma lilikuwa na mtu mmoja tu, naye alikaa pale ili awe karibu na rimu yake. Jumapili ya kwanza Bibi Kengele alisogeza ndoo kwa mguu, akapangusa benchi kwa kanga yake, akasema, "Karibu huku kwa wakubwa."

Mimi sikukanyaga darasa. Nyimbo zote ninazozijua, na ni zaidi ya mia tatu, niliziingiza kwa sikio. Nyingi alinipa yeye. Alikuwa na kitabu cha zamani chenye jalada jeusi, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvuke, anakiegemeza juu ya rafu ya sabuni. Kukunja shuka kunataka watu wawili. Unashika pembe zako, mwenzako anashika zake, mnavuta, mnakutanisha pembe, mnaendeana mpaka mikono igusane, yeye anabaki nalo, wewe unainama kuokota pindo. Ndivyo tulivyoimba. Ubeti mmoja, shuka moja. Wimbo wa beti tano, mashuka matano, na msimamizi akipita hawezi kusema tunacheza maana lundo linapungua.

Wimbo wake ulikuwa namba mia mbili kumi na nne. *Nilipochelewa njiani, taa hukuizima.* Una beti nne. Tuliuimba kila siku, mwisho wa kazi, na kila siku ilikuwa hivi: wa kwanza pamoja, wa pili pamoja, wa tatu anaimba peke yake, chini kwa chini, mashine ikimeza maneno, wa nne pamoja. Ubeti wa tatu ulikuwa wake. Alishawahi kutangazwa ndoa kanisani, enzi za ujana, matangazo mawili kati ya matatu. Jumapili ya tatu bwana harusi hakuonekana, wala Jumapili ya nne, na baadaye habari zikaja kuwa amepata mke kwingine. Hiyo Jumapili ya tatu, wakati watu wote wamegeuza shingo kumtazama, kanisa liliimba mia mbili kumi na nne. "Kwenye ubeti wa tatu ndipo niliponyanyua kichwa," aliniambia. Kwa hiyo ukifika huo ubeti mimi nilifunga mdomo nikamshikia shuka. Ilikuwa heshima. Ningejua, ningekuwa na heshima kidogo na masikio makubwa.

Kisha kanisa likapata kitabu kipya. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekishikia bango, yeye na kinanda chake. Kitabu kipya kina picha ya rangi juu, nyimbo zimepangwa upya, nyingine zimeachwa. Vile vyeusi vikakusanywa magunia manne vikauzwa kwa wauza karanga kwa ajili ya kufungia. Mimi nilinunua karanga za hivyo, nikala, nikaikunja karatasi nikafutia vidole. Sikujua imeandikwa nini. Bibi Kengele alikataa kutoa chake. Mwalimu akamfuata mpaka kwenye rimu.

"Bibi, twende na wakati."

"Wakati naugonga mimi, mwanangu. Wewe unaufuata tu."

Mwaka jana mwezi wa tano alianguka kwenye sinki la kati, mkono mmoja bado uko ndani ya maji ya baridi. Hakuamka. Kwenye Biblia yake kulikuwa na karatasi, maandishi yake mwenyewe: *Mazishini mniimbie 214.* Hakuandika zaidi. Kwake hakukuwa na 214 mbili duniani.

Mimi ndiye niliyemwosha na kumvika. Na hapa nasema kosa langu la kwanza, mnihesabie. Kitabu chake cheusi nilikitoa kwenye plastiki nikamwekea mikononi, tukafunga jeneza. Niliona kikibaki kitaishia kwenye karanga. Na mimi kitabu cha nini? Sisomi. Nilijisemea, wimbo ninao kichwani.

Siku hiyo hiyo mzee wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinivuta pembeni. "Dada, baraza linakaa Jumapili. Mambo yako yamekaa vizuri. Umeme wenyewe unauona, kinanda kinazima katikati ya sifa, tunamhitaji mtu wa kuanzisha nyimbo. Wewe kaa kimya tu hizi siku nne. Usituangushe."

Makaburini Mchungaji, ambaye ana miaka miwili tu kwetu, alisoma ile karatasi akasema tutii ombi la mama yetu. Watu wakafungua kitabu kipya. Mwalimu wa kwaya akafungua, akatazama, akafunga, akafungua tena. Kisha akapandisha mabega, akatoa sauti.

Katika kitabu kipya mia mbili kumi na nne ni wimbo wa harusi. *Leo nyumba moja, wawili wameingia.* Una makofi.

Waliuimba wote, beti tatu, juu ya jeneza la mwanamke aliyeachwa kwenye tangazo la tatu. Makofi waliyaacha, nawashukuru kwa hilo. Nyuma yangu mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe bibi alikuwa bado anangoja," wakacheka kwa pua, vitambaa usoni, mtu akiwaona atadhani wanalia. Mimi wimbo wake halisi ulikuwa umefika kooni. Nilihitaji kufungua mdomo tu. Nikahesabu: leo Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikaumeza. Hilo ndilo kosa la pili, na hili sikulifanya kwa kutojua.

Jumapili baraza likaniita. Nikarudishwa benchi la mbele, nikaanzisha wimbo wa kwanza, watu wakasema sauti bado ipo. Ndoo na mafagio wakabaki peke yao. Rimu sasa anagonga mlinzi, na anagonga kama mtu anayefukuza mbwa.

Mwezi wa kumi na moja tuna Jumapili ya kuwakumbuka waliolala. Jina la kila aliyefariki mwaka huo linasomwa, mshumaa unawashwa, wimbo wake unaimbwa. Walikuwa tisa. Jumamosi mwalimu wa kwaya alinipa namba kwa mdomo ili nizianzishe. Alipofika kwa Bibi Kengele akasema, "Mia mbili kumi na nne."

"Siyo hiyo, mwalimu. Yeye alitaka ya kitabu cheusi. *Nilipochelewa njiani.*"

"Huo haupo."

"Upo."

"Dada yangu, upo wapi? Nionyeshe."

"Kitabu kiko kaburini."

"Ahaa. Basi tumfukue tumwombe atuazime?" Akacheka peke yake. Alipoona sicheki akalainisha sauti. "Sikiliza. Ratiba imeshachapwa. Na ukweli ni kwamba watu wameupenda ule mwingine, unachangamsha. Wewe umerudi juzi juzi. Usitafute tena la mlangoni."

Usiku huo sikuwaza sana. Nilikuwa nimeshawaza miezi sita. Kila nilipokunja shuka niliwaza.

Jumapili kanisa lilijaa. Likasomwa jina lake, lile la ubatizo, na nusu ya watu wakatazamana kuulizana ni nani huyo. Mshumaa ukawashwa. Mwalimu akaweka vidole kwenye kinanda, akanitikisia kichwa. Nikasimama nikaanzisha *Nilipochelewa njiani*.

Kinanda kilinifuata kidogo kama mtu anayetafuta kiatu gizani, kisha kikaacha. Nikaimba peke yangu. Watu wakafungua vitabu, wakafunga. Lakini kwenye ubeti wa pili nikasikia vikongwe watatu, upande wa dirisha, wameukumbuka, wanavuta taratibu nyuma yangu. Na fundi mmoja wa saa, mzee sana, akavua kofia ambayo hata kwenye sala huwa anaisahau. Nikasema moyoni, Bibi, nimechelewa lakini nimefika.

Ukaisha ubeti wa pili. Nikafungua mdomo kwa ajili ya wa tatu, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Sikusahau. Mtu husahau alichokuwa nacho. Ubeti wa tatu sikuwahi kuwa nao. Miaka kumi na sita nilikuwa nimefunga mdomo nikimshikia shuka, nikimwangalia macho, nikisubiri wa nne. Nilikuwa na sauti yake ikipanda na kushuka, nilikuwa na mvuke, nilikuwa na mikono yake ikinijia. Maneno sikuwa nayo. Nikawageukia vikongwe wa dirishani. Nao wakanitazama mimi, wakingoja.

Sijui nilisimama muda gani. Binti yangu anasema ni kidogo tu, mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi. Mimi nasema niliona mshumaa ukipungua. Kisha mwalimu wa kwaya akabonyeza kinanda, akaanzisha *Leo nyumba moja, wawili wameingia*, na watu, kwa jinsi walivyokuwa wamebanwa na ule ukimya, wakaupokea kwa nguvu zote. Safari hii hata makofi walipiga.

Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Nje mlinzi aliniuliza, "Mama, imekwisha?" Nikamwambia ndiyo.

Baraza lilikaa Jumapili iliyofuata. Yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi alinipa majibu mwenyewe, na usoni alikuwa na huruma, sikatai. "Dada, ulikuwa umeshafika. Umeshafika kabisa. Kwa nini?" Ningemwambia nimevuruga ibada kwa ajili ya wimbo ambao siujui? Nimerudi kwenye ndoo na mafagio. Benchi ni refu kwa mtu mmoja.

Haya nimeyasema, binti yangu ameandika. Nimemwambia asiongeze kitu ila hili tu: kama kuna mtu mahali fulani ambaye kitabu chake cheusi hakikuchukuliwa, afungue mia mbili kumi na nne, anisomee ubeti wa tatu. Nitaushika kwa kusikia mara moja. Mengine ya kwangu, ya mume na joho na baraza, nimeshayaacha yalale na doa lake.

Kazini nimepewa mwenzangu mpya, mama mmoja mkimya, mjane. Nimemfundisha wimbo. Jioni tunashika pembe, tunavuta, tunaendeana. Shuka la kwanza tunaimba. La pili tunaimba. La tatu tunalikunja kimya kimya, mikono ikikutana, na yeye hajawahi kuniuliza kwa nini.