Mbegu Zilizokufia Mkononi Mwake

Nilivuka ziwa kutoka Burundi na gauni moja mwilini. Ujuzi niliokuja nao haukuulizwa na mtu: kwetu nilikuwa nikigandisha mbegu za madume ya ng'ombe.

Kwa kibali cha kutoka kambi ya wakimbizi nilipata kazi kwenye kituo kidogo cha uhimilishaji, cha kuwapa ng'ombe mimba bila dume, karibu na Kigoma mjini. Nilifagia, nikaosha vyombo, nikaongeza naitrojeni ya maji kwenye mtungi wa kuhifadhia mbegu, ile baridi inayounguza kama moto. Mkuu wa kituo alikuwa mtanashati, mpenda wageni. Kila walipokuja alivuta kikopo chenye mirija ya mbegu mpaka nje ya mtungi, akakishika juu ule moshi mweupe umwagike, huku akihutubia.

Siku moja wageni walipoondoka nilimfuata.

"Mzee, ile mirija isitoke nje. Ikipata joto kidogo tu, chembe ndogo za barafu zinaungana, zinakuwa kubwa zenye ncha, zinapasua mbegu. Ukiirudisha unarudisha maiti."

"Si bado imeganda?"

"Imeganda, ndiyo. Lakini imekufa."

Akacheka. "Mkimbizi ndiye wa kunifundisha mimi?"

Ng'ombe wa kijiji cha Simbo wakaanza kurudi kwenye joto la kutaka dume, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeshika mimba. Wafugaji walipokuja juu, aliitisha mkutano akaninyooshea kidole: mikono ya huyu mkimbizi ni michafu, ndiye aliyeharibu mbegu. Mwanamke mmoja akanitemea mate miguuni. Nikafukuzwa siku hiyohiyo.

Nilikwenda Katonga, ufukweni mwa ziwa, kuanika dagaa. Miezi minne nilinuka samaki, na kila siku nilimuwaza yule bwana jinsi mwingine anavyomuwaza mchumba.

Mjane mmoja wa Simbo, mwenye ng'ombe watatu, hakuamini yale maneno. Alinikuta ufukweni akaniuliza ukweli, nikamweleza. Mdogo wake alikuwa mwalimu wa sekondari, mwenye ufunguo wa kabati la hadubini. Tukapanga.

Siku ya maonyesho ya mifugo pale Simbo, wageni wa mkoa walikaa mbele. Mimi nilisimama nyuma, khanga usoni. Yule bwana akatoa kikopo, akakiinua juani, akahutubia. Ningeweza kupiga kelele. Mbegu zile zilikuwa za dume bora kuliko wote, na huenda baadhi zilikuwa bado hai asubuhi ile. Badala yake nilihesabu pumzi zake, nikamwombea hotuba ndefu.

Alipomkaribia ng'ombe wa mjane, mjane akasema, "Kwanza tuone kama mbegu zinacheza. Yule pale anajua kupima."

Nikashusha khanga. "Huyu nilimfukuza!" bwana akafoka.

Mgeni mkubwa akasema, "Mwache apime."

Niliyeyusha mrija mmoja wa kikopo chake kwenye maji ya uvuguvugu, nikaweka tone chini ya hadubini aliyoileta yule mwalimu. Kisha nikayeyusha mwingine, wa kikopo cha pili cha mtungi uleule, cha dume asiye na sifa, ambacho hakuwahi kukionyesha kwa mtu. Wageni wakainama kwa zamu. Kwenye tone la kwanza hakikutikisika kitu. Kwenye la pili mbegu zilichemka kama samaki wavuni.

"Kikopo cha kwanza ndicho alichokuwa anawaonyesha," nikasema. "Kila mgeni aliyekipigia makofi aliviua viumbe vile pamoja naye."

Yule aliyenitemea mate alitazama muda mrefu kuliko wote. Kisha akamgeukia bwana na kumwita mwongo, kwa Kiha, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

Yule bwana aliondolewa kwenye ukuu mwezi huohuo. Nikarudishwa kazini, na safari hii mtungi nilikabidhiwa mimi. Ng'ombe wa mjane alizaa jike, kwa mbegu za kile kikopo cha pili.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule bwana sokoni Mwanga, shati halijapigwa pasi.

"Uliniacha nikaendelea kukishika kile kikopo juani," akasema. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulifurahi?"

"Sana," nikamjibu, nikaendelea kuchagua nyanya zangu.