Vidole vya Muuza Chakavu

Shemeji yangu alichukua mashine ya kupimia redio aliyoiunda marehemu mume wangu, akisema mwanamke asiyesoma ataipimia nini. Nikaanza kuunda yangu. Transista za mashine hiyo hazitengenezwi tena, ila mzee muuza chakavu hunitafutia. Huipasha bodi ya redio kuukuu juu ya makaa mpaka risasi inayoshika vipuri iyeyuke, akaigonga mezani, kisha akaokota vilivyodondoka kwa vidole vilivyokwishaungua, akivipuliza kama chai.

Siku alipoipata transista ya mwisho, shemeji akatokea. Mashine ilikuwa imemfia, akataka hiyohiyo. Mzee akaifunika kwa kiganja.

“Umechelewa, baba. Mwenyewe kashafika.”

“Nani?”

“Fundi huyu hapa.” Akanisogezea.

Mashine yangu sasa inapima. Mungu amtunzie vidole vile. Ile ya marehemu bado namdai shemeji, hata ikiwa imekufa.